Kondoo Ndani ya Tone

Mpendwa mshauri, naomba msaada, mkono wangu si wa kalamu ila kwa kusafisha vyombo vya maabara hakuna wa kunifikia, miaka thelathini na moja, wataalamu wamekuja wameondoka mimi nipo. Basi mtafiti wetu, binti mpole ananiita babu, alikuwa na kichupa chenye tone la machozi ya mtoto mgonjwa, dogo kama jicho la sisimizi, anataka kujua protini zilizomo, akatoka kidogo kichupa kikiwa wazi, na mimi nimekatazwa kugusa meza ile lakini jua liliingia dirishani na vumbi likawa linaelea taratibu, linameta, kama watu wadogo wanateremka bila haraka, nikaliangalia mpaka nikajisahau, likatua kwenye mdomo wa kichupa, nami nikapuliza, nikapangusa kwa mkono wa sweta langu la sufu alilonifumia marehemu mama watoto, nikaona nimesaidia.

Jana mashine imetoa majibu: protini za ngozi ya mtu na za sufu ya kondoo, machozi hata hayaonekani. Mkubwa akamwuliza binti, "Kwani wewe unachunga humu ndani?" Watu wakacheka. Binti ana shali ya sufu, akasema, "Labda ni mimi," akainama. Ijumaa anaondolewa kazini, na machozi ya mtoto yule yamebaki tone moja tu la akiba. Mimi sijawahi kukosea, na nikisema nitavuliwa sweta, na nikilivaa nasikia kama yule mama yupo nyuma yangu ananiweka kola sawa. Nifanyeje?

Mzee Mkono Safi

Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kufiwa. Sasa nisikilize. Hujawahi kukosea? Ulikatazwa ukagusa, ukapuliza, na sasa umenyamaza. Hilo la mwisho ndilo baya, maana vumbi lilikupumbaza, lakini kunyamaza umeamua mwenyewe. Tone dogo namna ile humezwa na uzi mmoja wa sweta kama mnong'ono penye ngoma. Mkeo alikufumia likukinge baridi, nawe unajifichia humo huku binti wa watu akibeba mzigo wako.

Usingoje Ijumaa. Kesho asubuhi, kabla hujashika kitambaa, mwambie mkubwa mbele ya wale wale waliocheka, "Ni mimi." Usianze na miaka thelathini na moja. Mwombe binti radhi. Sweta livae nyumbani, hata kutwa nzima, hakuna atakayekuvua. Na siku tone la mwisho litakapofunguliwa, wewe uwe nje, mlango umefungwa.