Jina Ambalo Sikulisikia

Dada yangu Gaudensia,

Shikamoo dada. Karatasi hii nimemkabidhi sista mmoja anayekuja likizo Mbinga, ameniahidi ataifikisha Matiri mwenyewe, mkononi mwako. Mnaendeleaje huko? Miguu ya mama imeacha kuvimba? Shemeji Erasto amemaliza kupogoa mibuni, au bado anasingizia mgongo? Sisi watatu huku Ujerumani tunapumua. Mafua yametupitia, yakamwanza mama mtoto, yakamalizia kwangu, lakini sasa tunakula vizuri. Wazee ninaowahudumia ni walewale, ninawaogesha, ninawalisha, na mmoja bado ananiita kwa jina la mwanawe.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Ni kwa sababu kwenye simu mimi ni mwoga. Mara tatu nimekupigia nikiwa nimedhamiria kusema, na mara zote tatu nimeishia kusema mtandao unakatika, nikakata mwenyewe. Kwenye karatasi siwezi kufanya hivyo. Basi kaa chini, dada, usome hadi mwisho kabla hujamwita mtu.

Unakumbuka baba alivyokuwa baada ya mtoto kuzaliwa. Moyo ulishamchosha, chakula hataki, lakini neno lake lilikuwa moja: amwone mjukuu, ampe jina. Na utaratibu wa nyumba yetu unaujua kuliko mimi. Babu anamtazama mtoto usoni, anamtajia jina mzazi wake peke yake, wengine wote wamejitenga, kisha mzazi ndiye anayelitangaza kwa ukoo. Wewe ndiye uliyenisimulia kwamba siku ya jina langu babu alifukuza watu wote uani, hata kuku.

Kila Jumapili baada ya misa mlikuwa mnaweka laptop yako mezani, baba amevaa koti lake la kanisani. Na kila Jumapili ilikuwa ni balaa. Picha inaganda, sauti inakuja vipande vipande, halafu kimya. Mimi, kwa sababu nilisomea cheti cha kompyuta Songea, nikajifanya fundi. Zima rauta, hesabu hadi thelathini, uiwashe. Itoe juu ya kabati. Ondoa hicho kitambaa alichofuma mama, kinaifunika kwa nini, ni maiti? Iweke dirishani. Waambie watoto waache kutazama video. Sogea nayo karibu. Zima laptop, washa upya. Ulifanya yote, dada. Wiki moja ulifanya yote mara mbili.

Nami nikakujibu vile nilivyokujibu. Nilisema, “Wewe ni mwalimu wa namna gani, maelekezo madogo hivi yanakushinda?” Mama alikuwepo, shemeji alikuwepo. Wewe ukasema tu, “Samahani mdogo wangu, labda ni hii milima.” Mdogo mtu anamfokea dada yake aliyembeba mgongoni, na dada ndiye anaomba msamaha. Naandika hili uso ukiniwaka.

Ndipo nikatoa amri ile ya mwisho. Nilisema shida ni nyumba, bati linazuia, mpandisheni baba mlimani, kule juu ya ngoro, mashimo yetu ya mahindi, ambako simu inashika vizuri. Ulinijibu kwamba ni Juni, ukungu haujaondoka, baba anakohoa. Nikasema itachukua dakika tano. Shemeji akambeba mgongoni hadi juu, mkamfunika blanketi mbili, laptop mkaiweka juu ya kigoda, mkaiunganisha na simu yako. Kisha wewe na shemeji mkashuka kwenye mibuni, mkampa mgongo, kama inavyotakiwa. Zilikuwa dakika hamsini, dada. Nilikuwa naona saa kwenye kona ya kioo.

Sasa lisikie lenyewe. Baba alimtazama mtoto, nikamwona ametabasamu. Akasema maneno ya Kimatengo ya kumkaribisha, hayo niliyasikia. Kisha midomo yake ikaanza jina, na picha ikaganda. Iliporudi alikuwa ameshamaliza, ananiuliza, “Umesikia, mwanangu?” Alikuwa anatetemeka. Ningesema rudia, na pengine ingeganda tena. Na nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira na wewe. Nikasema, “Nimesikia, baba.” Akasema, “Basi nimemaliza.” Shemeji akambeba kumrudisha.

Jina sikulisikia. Nilijiambia nitampigia katikati ya wiki, nimwombe taratibu. Katikati ya wiki mlikuwa mmeshampeleka hospitali, na wiki iliyofuata mlinipigia nikiwa kazini.

Ruhusa ya kusafiri sikupata, hilo unalijua. Mazishi niliyafuata kwa simu yangu, tangu misa hadi udongo, na haikukatika hata mara moja. Hapo hapo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza. Nilikusikia ukimwambia shangazi wa Mbamba Bay, “Laptop yangu ndiyo iliyompeleka baba kwenye baridi.” Nikanyamaza.

Kisha ukaniuliza jina, ili mlitaje kwenye misa ya kumwombea baba. Nikasema Kandida, jina la mama mzazi wa baba, kwa sababu ndilo lililonijia kwanza. Ulipiga kigelegele. Lakini mama alipochukua simu alisema kwa mshangao, “Kumbe alibadili mawazo. Alikuwa anasema jina la mama yake hampi mtu, lipumzike naye.” Tangu siku hiyo, mama akimtaja mtoto kwa jina, natamani sakafu inimeze.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, naogopa hata ningezeeka nalo. Lakini wiki iliyopita fundi wa mtandao alikuja kwa ajili ya bibi mmoja hapa kazini. Nikamwomba aitazame na laptop yangu, maana picha za mwanangu zilikuwa hazifunguki. Swali lake la kwanza lilikuwa hili: simu yako, ukiwa umekaa hapo hapo, inasumbua pia? Sikuwahi kujaribu, dada. Wewe nilikuzungusha nyumba nzima na mlima juu, mimi sikuwahi kujaribu.

Tunakaa ghorofa ya juu ya jengo hili la wazee. Siku yangu ya kwanza kazini niliiunganisha laptop na mtandao wa wageni wa chini, nikasahau. Baadaye tukaweka wa kwetu, lakini laptop ilikuwa bado inaukumbuka ule wa kwanza, ikawa inaruka, mara huku, mara kule, na kila ikiruka picha inaganda. Na Jumapili ndiyo siku ndugu wa wazee wanakuja kuwatembelea, kila mmoja na simu yake, mtandao wa wageni unalemewa kabisa. Fundi akaiambia laptop iusahau mtandao huo. Hazikufika dakika mbili. Tangu hapo haijaganda.

Laptop yako haikuwa na kosa. Rauta haikuwa na kosa, wala kitambaa cha mama, wala milima. Kosa lilikuwa kwangu, kwenye meza yangu, na baba alibebwa kwenye ukungu bure. Naomba uwaambie hivyo watu wote waliokusikia msibani, na uwaambie ni mimi nimesema.

La jina nakuachia wewe, kwa sababu sina haki ya kuamua tena. Huenda baba aliwahi kumdokezea shangazi, wale wawili hawakufichana. Ukiona mama ana nguvu za kulisikia, mwambie. Ukiona hana, subiri. Ukinitukana nitapokea.

Msalimie mama, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, na umwambie mgongo uliombeba baba sitautania tena. Shangazi mwambie dagaa wake wa usipa walifika, mama mtoto amewapenda kuliko mimi. Wasalimie na watoto, hawakuwa na hatia na video zao.

Mkipata jina lenyewe, niandikieni, nitambadilishia mara moja. Ila ni haki yako kujua jambo hili kabla hujaamua. Jana nilikuwa jikoni, yeye yuko sakafuni na kijiko chake. Nikamwita Kandida, kwa sauti ya kawaida tu. Akageuka, dada. Kwa mara ya kwanza akageuka, akacheka.

Mdogo wako mwenye kosa,
Kastori