Seneta Aliyerudisha Tiketi

Madison, Machi 1874

Mpendwa dada Almira,

Theluji inayeyuka, na kikohozi cha mke wangu kimepona.

Orrin Tewksbury, tajiri wa mbao aliyeingia useneta, amenishangaza. Kampuni ya reli huwapa maseneta tiketi za bure, nao huzidaka kama mbwa mfupa. Yeye alirudisha yake, kisha akaunga mkono sheria ya kuwaruhusu wajane wa waliouawa na treni kuishtaki reli.

“Orrin, una wazimu? Mataruma yako ya kulazia reli atayanunua nani?” mwenzake alimzomea.

“Sijui, mzee. Ila wewe tumeshajua unanunuliwa kwa tiketi!”

Sheria imepita kwa kura moja. Reli imeacha kununua mbao zake, kiwanda kimefungwa.

Almira, mwanamume huyu ameunguza riziki yake ili mumeo asizikwe kimya. Usiogope mawakili wao. Kashtaki.

Kaka yako,
Lucius