Barua Iliyomkana Zuwena

Matrah, Jumanne, Shaaban 1968

Miezi mitano nimeingoja barua hii, na leo nimeisoma mara tatu nisiamini. Afisi ya kisiwani kwetu inasema Zuwena, binti wa jirani yetu wa nyumbani, aliondoka kwa hiari yake. Kwa hivyo shauri lake si lao, ni la serikali ya huku ng'ambo.

Nikampelekea karani wa serikali ya hapa. Kaisoma, kanirejeshea.

"Huyo mtu wenu, bibi. Waandikie wenzio."

"Hao ndio walojibu!"

"Basi si kapenda mwenyewe?"

"Kapenda kuja kulea mtoto kwa mshahara. Hakupenda kunyang'anywa paspoti na kufungiwa ndani."

Kanambia nirudi wiki ijayo. Nimechoka mie na wiki ijayo.

Nikenda moja kwa moja mpaka nyumba aliyofungiwa, nikamwambia mwenye nyumba nimekuja kumchukua mwanetu. Yule mama akapiga kelele kuwa kamlipia dalali aliyemleta. Zuwena akatoka jikoni pekupeku, akanishika mkono, tukaondoka kwenda kwangu.

Paspoti bado iko kwao. Mume wangu anasema watakuja na askari, na kweli nnaogopa, sijui ntawambia nini.

Baada ya Magharibi Zuwena kaniuliza, taratibu, kama ana ruhusa ya kutoka kukaa uani.

"Ruhusa ya nani?" nikamfokea, hasira zote za karani zikamshukia yeye. Akaomba radhi, masikini, akajikunyata.

Nikafungua mlango wa uani, nikauacha wazi, nikenda kukaa kule peke yangu, mpaka naye akaja.