Mama Asha na Kifungu cha Sita

Jumamosi, Novemba. Mvua tangu asubuhi, tope jekundu mpaka kwenye soksi.

Leo mjumbe wetu wa Baraza la Kutunga Sheria alikuja kutueleza mkataba mpya wa biashara na majirani wa kusini. Mimi, mwalimu wa uraia wa darasa la jioni, nikawekwa kuwa mkalimani. Jukwaani mjumbe huyo, Citoyen Commissaire kama anavyoitwa, husema Kifaransa tu, ingawa sote tunajua alizaliwa Kakontwe kwetu na mama yake alimgombeza kwa Kiswahili kama mama zetu wengine.

Yeye sentensi, mimi sentensi, ukumbi makofi. Tumezoea: tunapiga hata kabla sentensi haijaisha.

Kisha Mama Asha akasimama. Duka lake linaishi kwa vitenge anavyovileta kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kifungu cha sita cha mkataba kinasema vitenge vitaingizwa na kampuni zenye kibali pekee. Kikipita, duka limekufa.

«Citoyen Commissaire, mwalimu alitufundisha: mukataba ya biashara haiwezi kuanza kazi mpaka Baraza itoe sheria. Sasa weye, ile karatasi ulisoma, ao utapiga tu makofi?»

Huyo mwalimu ni mimi. Miaka kumi na sita nimewaimbisha watu wazima kanuni hiyo ya katiba kama katekisimu. Sikujua kuna mtu anasikiliza.

Nikatafsiri kwa ushujaa wangu wa siku zote: Mama anauliza kama maandishi ni marefu.

Commissaire akanitazama, akaangua kicheko. «Mwalimu, weye muoga! Mama hakuuliza vile.»

Kwa Kiswahili. Mbele ya watu wote.

Akamgeukia. «Mama, miye sikusoma. Kura ni juma lijalo. Kukataa, siwezi kukuahidi. Lakini ile kifungu nitaisoma, na swali yako nitaiuliza mule ndani.»

Hakuna aliyejua kama hapo ni pa kupiga makofi.

Mstari mmoja wa katiba, niliodhani ni pambo, umemfanya mkubwa amjibu muuza vitenge. Huenda akifika Barazani Kinshasa ujasiri utamwishia. Mimi ni nani hata nimcheke? Wangu uliniishia hapa hapa nyumbani, na sikuwa na kura ya kupiga.

Nami nakiri: darasani husema Baraza linaidhinisha mikataba. Sijawahi kuongeza kwamba linaweza pia kukataa.

Jumatatu Mama Asha atakuwa benchi la mbele. Neno hilo nitalisema.

Je, nitalisema mlango ukiwa wazi, kila mpita njia akisikia?