Yu Hai Niliyempiga Risasi

Jumapili. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha likatoka jua kali kama vile hapakutokea kitu. Naandika, na safari hii ni kwa furaha.

Yu hai! Wallahi yu hai!

Ngoja nianze vizuri, maana wengine mnaopita hapa hamnijui. Mimi ni askari, tena tabibu wa kikosi. Nimetoka Kongo kulinda amani, niko likizo nyumbani kwetu Bagamoyo. Kabla sijaingia jeshini nilimwahidi shehe wangu, aliyenisomesha Kurani tangu utotoni, kwamba mkono huu hautamwaga damu ya mtu. Ndiyo maana niliomba utabibu. Bunduki nilipewa, kwani tabibu naye hupewa ya kumlindia mgonjwa wake, lakini mimi nikawa naibeba tu. Wenzangu walinicheka sana. Mathayo, dereva wa gari letu la wagonjwa, akanibandika jina la Shehe Bandeji.

Basi asubuhi moja tukashambuliwa njiani. Mathayo kalala chini, mguu umevunjika, na kwenye migomba akatokeza kijana, bunduki kamwelekezea yeye. Sikuwaza ahadi wala shehe. Nilimpiga risasi ya tumbo.

Nilikusudia. Hilo sitalidanganya hata hapa.

Kisha nikamkimbilia yule kijana, Mathayo nikamwacha anapiga kelele, nikamfunga jeraha lile lile nililomtia. Helikopta ikamchukua. Hakuna aliyeweza kuniambia kama alifika mzima.

Niliporudi nyumbani nikapanda basi mpaka Pangani kumwuliza shehe mwingine, maana wa kwetu ningemtazamaje usoni? Nikamwambia nina rafiki yangu amepatwa na jambo. Akaniangalia weee, akasema huyo rafiki yako aliokoa roho ya mwenziwe, hana dhambi. Lakini moyo wangu haukukubali. Ipo kafara ya aliyeua kwa bahati mbaya: kufunga miezi miwili mfululizo, na ukila siku moja bila udhuru unaanza upya. Yangu haikuwa bahati mbaya, lakini nyingine sikuijua; nikajitwika hiyo, kimya kimya.

Nyumbani kila mtu akasema lake. Dada yangu Mwanaisha alidai natafuta kupungua kwa sababu ya mchumba. Mama alishikilia kwamba nimerogwa hukohuko Kongo, akafukiza ubani nyumba nzima mpaka tukakohoa.

Leo mchana nipo jikoni namsaidia mama kukaanga bagia zake za biashara, simu ikalia. Mathayo! Alikwishapona mguu, yuko kazini tena. Hata salamu hakutoa.

"Shehe Bandeji! Jamaa yako nimemwona hospitali leo. Anatembea! Anagombana na wauguzi, eti wanamnyima chumvi!"

Nilipiga ukelele majirani wakatoka nje. Nikamkumbatia mama pamoja na mwiko wake. Nikaruka kama mtoto aliyeuona mwezi wa Idi. Nikachukua bagia ya moto, nikaitia mdomoni, nikaimaliza, nikang'ata ya pili.

"Wee!" mama akashtuka. "Si umefunga wewe?"

Roho ilinitoka. Miezi miwili kasoro siku chache, halafu bagia! Mama akanishika mkono. "Umekula kwa kusahau, baba, saumu yako haikuvunjika. Mungu mwenyewe kakulisha. Tema hiyo, kasukutue. Haya, niambie, nani anatembea?"

Nikamwambia yote, kwa mara ya kwanza. Nililia huku nacheka. Bagia zikaungua zote kwenye mafuta na mama hakuzitazama. Nikawa narudia maneno yale yale: mama, mimi si muuaji, alhamdulillahi, mimi si muuaji.

Mama akaweka mwiko chini. Kisha akauliza.

"Jina lake nani?"

Sikulijua.

"Miezi yote hii unafunga kwa ajili ya mtu, hata jina lake hujauliza?" Hakusema kwa ukali. Aliokota simu yangu pale nilipoiangusha, akanipa.

Mathayo akaenda kumwuliza, akanipigia tena jioni. Anaitwa Kambale. Ana mama yake, yuko kijiji cha ng'ambo ya mto, na mpaka leo hajui kama mwanawe yu mzima. Watu wanatafuta njia ya kumfikishia habari.

Niliposema hivyo, mama akashika tama, machozi yakamtoka.

Furaha bado ninayo, tena tele, siwezi kuificha. Nikimkuta mtu barabarani sasa hivi nitamkumbatia. Lakini kuna swali linanikera tangu jioni. Nilivyokuwa naruka pale jikoni, nilimshangilia Kambale kwa kuishi, au nilijishangilia mwenyewe kwa kutakasika? Naogopa jibu ninalo. Kupona kwake hakukuirudisha risasi. Ahadi niliivunja siku ile, na Mathayo akielekezewa bunduki kesho, sijui kama mkono wangu utatulia.

Kafara sidaiwi tena. Sikuua. Naweza kuamka asubuhi nikanywa chai na chapati barazani, watu wote wakiniona.

Sinywi. Siku zilizobaki nazimaliza. Zile za nyuma zote nilifunga kwa ajili yangu. Hizi nafunga kwa ajili ya Kambale, na mama yake apate kusikia.