Nusu Saa Bila Treni

Jumatatu, 8 Machi 1993

Hakuna treni, hakuna umeme. Siku ya kumi na moja! Hapa mtaa wa reli hivyo viwili ni pacha: umeme unawashwa treni ikiwa njiani kutoka Lubumbashi, ikiingia stesheni unazimwa. Na ikipita mbele ya nyumba yetu kila kitu kinatetemeka — vikombe, kitanda, jiwe langu. Bila treni sina mwanga. Treni ikija sina utulivu. Nilimkosea nani?

Jiwe lenyewe ni fuwele, dogo kuliko kipande cha sukari. Profesa wangu wa ng'ambo, kule Liège, aliniazima, pamoja na leza, nilipomaliza mwaka wangu wa masomo. Mwanga unaingia ndani ya fuwele, unagonga kioo kilicho nyuma yake, unarudi, unakutana na ule unaokuja. Usiposumbuliwa, baada ya saa nzima nukta moja unayoitupa ukutani inazungukwa na nyingine sita, zimejipanga kama sega la nyuki. Hakuna aliyezichora! Barua yake ya Januari: nipige picha hiyo hapa hapa, iondoke na ndege ya mapadri tarehe 25, naye atanitafutia bourse, pesa za kwenda kusoma kwake. Yangu na ya mume wangu.

Ya wawili. Maana Philémon wangu ni Mkasai. Amezaliwa hapa Kamina, Kasai hajaikanyaga hata siku moja, na sasa wenyeji wanawafukuza Wakasai wote, wanamwambia arudi kwao. Mtu anarudije mahali ambako hajatoka?

Alhamisi, 11 Machi

Umeme leo! Dakika thelathini na tano. Nukta moja tu ukutani, kama mwezi uliopita, kama mwezi wa kabla yake. Kisha treni, na hata hiyo moja ikacheza ngoma. Ile meza yangu — bamba la saruji juu ya mipira ya ndani ya magurudumu ya lori — haisaidii kitu.

Asubuhi tulikuta neno wanalowaitia Wakasai, wadudu, limeandikwa mlangoni kwa mkaa. Philémon alilifuta kwa tambara la viatu, akanywa chai, akaenda kazini. Yeye ndiye aiguilleur, anayegeuza reli na kuipa treni njia. Wanamfukuza mtu, mikono yake bado wanaitaka.

Jumapili, 14 Machi

Mjinga ni mimi! Miezi miwili!

Fuwele ina upande wake. Mwanga lazima utikisike kufuata upande huo, na kazi hiyo ni ya kichujio, kile kioo cheusi ninachokigeuza mbele ya leza. Ukingoni nilikitia alama kwa rangi ya kucha. Leo baada ya misa nilikuwa nafua, jua linamulika kwenye beseni mpaka macho yanauma. Nikakichukua, nikatazama maji kupitia humo, nikakigeuza. Mng'ao wa maji ulizimika alama ikiwa pale ambapo ungepaswa kuwaka! Alama yangu iko robo mzunguko kando. Niliichora mwenyewe, kwa mkono huu.

Nilimwambia Philémon. Alicheka, mara ya kwanza tangu Krismasi.

— Maman physique! Mwangaza yako ilikuwa ku voie ingine. Aiguille njo haikugeuka.

Mwanga kwenye reli isiyo yake, kama treni iliyogeuziwa njia vibaya! Nami nikacheka. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Orodha ya stesheni, ya Wakasai watakaopakiwa treni. Kalombo Philémon, Jumanne 23. Jina langu halimo, mimi ni mwana wa hapa. Na yeye mwenyewe hataki nipande naye: watu wanakufa njiani, anasema, na jibu la profesa litakuja kwenye anwani hii, nani atalipokea? Amefikiri yote. Amefikiri bila kuniambia, na hilo limeniuma kuliko orodha.

Jumatano, 17 Machi

Kaka yangu Kisimba alikuja mchana.

— Weye uko mwana wa kwetu. Bwana akienda, weye ubakie tu mu nyumba. Nani atakugusa?

Kaka wa tumbo moja! Nilimpa kiti, chakula sikumpa.

Saa tisa umeme. Alama mpya, kichujio mahali pake, mablanketi madirishani. Nikakaa mbali ili hata pumzi yangu isiguse kitu. Dakika thelathini — pete! Hafifu, nyekundu, inaizunguka nukta ya kati. Ikaanza kukatika vipande, huku kinene, huku chembamba. Nukta mbili zilikuwa zinazaliwa. Naapa nilizihesabu! Kisha sakafu ikanguruma, treni ikapita, pete ikamwagika ukutani kote. Umeme ukazimika.

Nililia kwa sauti kama mtoto. Ningepata nusu saa zaidi tu!

Philémon aliporudi nikamwambia. Ndiyo, nilimwambia, na ninaandika ili nisijidanganye kesho: treni ikija tena, uisimamishe nje ya stesheni, kwenye signali ya mbali, ile ishara inayozuia treni. Ikisimama pale haijaingia, umeme haukatwi, na chini hapatetemeki. Nusu saa. Mkono wa kugeuza reli ni wa kwako.

Alilitundika koti lake la kazi, bado lina vumbi la stesheni, akanigeukia.

— Albertine, ulifikaka ku gare? Bantu banalala inje tangu majuma tatu. Na benye kuwa mu ma wagons, jua inabachoma, mayi hakuna. Batoto banakufa. Unataka nibafunge kule sababu ya mwangaza ya ku kibambazi?

Najua anasema kweli: mwanga wa ukutani, na watoto wale. Na bado naitaka nusu saa yangu.

Ijumaa, 19 Machi

Philémon anakula bukari yake, ugali wetu wa mahindi, akiangalia mlango, si mimi. Kamera niliyoazima kwa Numbi, mpiga picha wa harusi, imefika. Ndani zimebaki picha tatu. Subira yavuta heri, mama alikuwa akisema. Hakuwahi kungoja treni ya Lubumbashi.

Jumatatu, 22 Machi

Sanduku lake liko karibu na mlango. Mashati manne, koti la kazi, picha ya baba yake. Nilikunja shati, nikalikunjua, nikalikunja tena.

Jioni alikaa kando yangu kitandani.

— Nusu saa. Haiko hata dakika moja zaidi. Haiko sababu ya ile libwe yako ya mwangaza. Iko sababu yetu sisi wawili.

Tumepatana hivi. Kesho ataisimamisha treni kwenye signali ya mbali. Nikimaliza, nianike kitenge changu cha kijani, kile cha harusi, kwenye kamba ya nguo. Kutoka kibanda chake cha kugeuzia reli kamba anaiona. Kijani ni njia wazi. Ataigeuzia treni njia, ifike stesheni, atampa Mputu, mwenzake wa kazi, ufunguo wa kibanda, na yeye atapanda behewa la mwisho. Kwa hiyo tutaagana asubuhi, maana mchana sitaweza kuondoka kwenye fuwele.

Nikamuuliza, na wale watoto? Akasema: Unyamaze, Albertine. Unyamaze sasa.

Jumanne, 23 Machi

Tumeagana. Sitaandika tulivyoagana.

Saa nane na dakika tano. Umeme! Leza imewaka. Kichujio sawa. Naandika kwa mwanga wa ufa wa mlango.

Saa tisa kasoro ishirini. Honi, mbali. Nimeshika ukingo wa kiti. Sakafu inatetemeka kidogo — imeacha. Kimya! Imesimama. Philémon wangu, imesimama!

Saa tisa kasoro robo. Pete.

Saa tisa kasoro dakika tano. Tatu. Nne. Jua kali nje, mabati yanalia. Nazisikia sauti kutoka kwenye mabehewa, si mbali, kama mita mia tatu. Mtoto. Watoto wengi.

Saa tisa kamili. Tano. Mwanamke anapiga kelele, anaomba maji: Mayi! Munipe mayi, mutoto anazimia! Mungu wangu. Ya sita bado.

Saa tisa na dakika sita. Sita! Zote sita, wazi, zimetulia, hakuna aliyezichora. Nimepiga ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kamera nimeifunga ndani ya kitambaa. Leza nimeizima, kazi imekwisha.

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Nusu saa imepita. Kitenge kiko begani mwangu. Kamba iko hatua sita kutoka mlangoni, nimefika mlangoni mara mbili. Kutoka pale nakiona kibanda chake, namwona yeye dirishani, amenikazia macho, anangoja kijani. Yule mwanamke ameacha kupiga kelele. Bora angepiga.

Nikikianika, treni inapita hapa mbele na kumchukua.

Saa tisa na dakika kumi na tano. Picha ninayo tangu saa tisa na dakika sita, kamba bado tupu. Mimi bado naandika.