Foleni ya Akina Mama na Hotuba Mbili za Waziri

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa meza. Wizara ya Ulinzi, ghorofa ya tatu, Kitengo cha Hotuba na Majibu kwa Wananchi. Meza ina mguu mmoja mfupi. Nimeuwekea kamusi ya zamani — ndiyo kazi ya kwanza ya kitaaluma niliyoifanya serikalini. Shahada ya uhusiano wa kimataifa, daraja la kwanza, na hapa ndipo historia iliponiweka. Si pabaya.

Kazi yenyewe: kuwaeleza wananchi kwa nini askari wetu thelathini na wanane wabaki vitani miezi sita zaidi. Jeshi la Muungano lina mataifa kumi na moja. Wengine wametoa ndege, wengine vifaru. Sisi tumetoa kikosi cha waokaji mikate. Watu wanacheka. Hawajasoma! Majeshi mangapi yameangushwa na njaa kabla ya risasi?

Sajini wa waokaji hao ni kaka yangu. Sikulitaja kwenye usaili. Hawakuuliza.

Jumanne, 4 Machi

Kaka aliondoka kwa ahadi ya miezi sita. Sasa ni wa kumi na moja, na mwanawe ana miezi minane hajamshika hata kidole. Bunge litapiga kura Alhamisi ya wiki ijayo: wabaki au warudi.

Nyumbani, mezani kwa chakula, nikaeleza kwamba taifa dogo hujipatia usalama kwa uaminifu wake kwa wakubwa. Mama — mwalimu wa darasa la tatu kwa miaka thelathini na mitano, mstaafu kwa jina tu — akauliza, "Na wewe umetoa nini?" Nikasema nimetoa kaka. Shemeji, mke wa kaka, akanisogezea mtoto. "Basi toa na mikono, Profesa. Shika."

Mtoto alikuwa amelowa.

Shemeji huniita Profesa. Si kwa heshima.

Alhamisi, 6 Machi

Polisi wamewanyima kibali cha maandamano akina mama wa askari. Sababu: usalama. Leo saa mbili asubuhi wametokea mapokezi kwetu, zaidi ya sitini — mama, wake, shangazi — wote kwenye mstari, kila mmoja na barua yake. Foleni haihitaji kibali! Anayefika dirishani anakabidhi barua, anagongewa muhuri, anarudi nyuma kabisa kuandika nyingine. Mkuu wa polisi alisoma sheria mara mbili akiwa amesimama, kisha akaomba kiti.

Na anayepanga mstari? Mama yangu mzazi. "Umbali wa mkono mmoja! Wewe wa sketi ya bluu, acha kusukuma wenzako!" Hata askari wa mlangoni alijinyoosha.

Nilijificha nyuma ya kabati la mafaili. Mkuu wa kitengo — mtu mpole, hutembea kana kwamba sakafu imepigwa deki sasa hivi — akanikuta huko. Kwa kanuni za wizara, kila barua lazima ijibiwe kwa maandishi ndani ya siku tatu. Kitengo kina mwandishi mmoja. Akanitazama kwa huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Barua mia moja arobaini na mbili. Ya mama ni ya tisa. "Mheshimiwa, mwanangu yuko wapi, anafanya nini huko, na anarudi lini? Jibu kwa sentensi kamili."

Nimemjibu kwa kurasa mbili: mizani ya nguvu, heshima ya mikataba, na msemo wa fuata nyuki ule asali. Nikatia saini yangu kamili. Mwananchi yeyote, hata aliyenizaa, ana haki ya kupata hoja bora niliyo nayo.

Jumamosi, 8 Machi

Jibu langu limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Pembeni ya nyuki: "Asali iko wapi? Sisi tumeumwa tu." Pembeni ya "mwelekeo wa kimkakati": "Maana yake? Au nawe hujui?" Alama nne kwa kumi. "Sarufi nzuri. Hajajibu swali."

Mama amelibandika kwenye friji. Kila nikitaka maji baridi nakutana nalo.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja balozi wa taifa lililo kubwa kuliko yote ya Muungano. Nilikaa nyuma ya waziri kuandika kumbukumbu. Balozi ni mtu wa tabasamu. Vita hakuvitaja hata mara moja. Alisema tu kwamba beji za Muungano zimeshashonwa na nyota kumi na moja, na ingesikitisha kuanza kuzifumua. Kisha akauliza kuhusu daraja letu kubwa, walilotujengea wao — bado liko imara? Waziri akasema liko. "Vizuri," akasema balozi. "Vizuri sana." Chumba kizima kikaingiwa na baridi.

Alipoondoka, waziri akatuuliza: kwa mikate tu, vitisho vyote hivi? Nikajibu bila kuombwa: "Mheshimiwa, mikate wanaweza kuoka wenyewe. Bendera yetu hawawezi." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Lakini chini ya dirisha foleni imeshafika kona ya pili. Serikali ina ziada ya kura mbili tu bungeni, na mbunge mmoja wa chama chetu amegundua kwamba mama mkwe wake ni wa kumi na saba kwenye mstari. Tangu jana anakula ofisini.

Jumanne, 11 Machi

Agizo la waziri: niandike hotuba mbili. Moja ya kubaki, moja ya kuwarudisha. Atatia kila moja mfuko wake wa koti, azisome kwanza nyuso za wabunge, kisha achague. Zote ziwe kurasa nne, koti lisivimbe upande mmoja. Nikasema, kwa heshima zote, huo si uongozi. Akasema, "Kijana, ndiyo sera yetu ya nje hiyo."

Ya kubaki imenichukua mchana kutwa. Imara kama ukuta. Ningeibishia mwenyewe, ningeshindwa.

Nyumbani nikamkuta shemeji jikoni akisoma barua ya kaka kwa sauti. Tanuri ni la taifa moja, unga ni wa la pili, amri ni za la tatu. Mkate ukiungua, lawama ni zetu. Kila wiki anauliza watarudi lini. Anaambiwa aiulize serikali yake. "Mdogo wangu yuko serikalini siku hizi. Mwambieni aniulizie."

Hakuna aliyenitazama. Afadhali wangenitazama!

Jumatano, 12 Machi

Ya kurudi nimeiandika asubuhi. Sentensi kamili. Wako wapi, wanafanya nini, wanarudi lini. Haina nyuki. Imebidi niongeze ukubwa wa herufi ifike kurasa nne. Inaniudhi kwamba ni nzuri.

Kitu kimoja tu nimekichukua kutoka ile ya kwanza — ufunguzi. "Mheshimiwa Spika, taifa dogo lina neno moja tu. Likishalitoa, halina lingine la kubadilishia." Aya nzima ya namna hiyo! Sijawahi kuandika bora zaidi. Kule, kwenye ya kubaki, ni neno tuliloupa Muungano. Huku, kwenye ya kurudi, ni miezi sita tuliyowaahidi akina mama. Ingekuwa dhambi aya hiyo ife kwenye mfuko usiochaguliwa. Sasa achague atakavyo — itasikika.

Mkuu wa kitengo kazisoma zote mbili. Akauliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika!

Alhamisi, 13 Machi

Bungeni, roshani ya wageni. Naandika gotini.

Akina mama wameingia kwa mstari. Mama yangu na shemeji wako mbele yangu. Upande wa pili balozi, beji kifuani.

Waziri amesimama. Amemtazama balozi. Ametutazama sisi. Mama anavaa miwani — ile ya kusahihishia. Waziri ametoa hotuba zote mbili, kaziweka mezani, kazichanganya kama karata, moja kairudisha mfukoni. Mfuko wa ndani! Hatukukubaliana mfuko wa ndani.

"Mheshimiwa Spika, taifa dogo lina neno moja tu..."

Mama kageuka, kanitazama juu ya miwani. Kaijua sentensi ya mwanawe.

"Profesa," shemeji ananong'ona, "ndiyo ipi hiyo? Anarudi au harudi?"

Sijui.

"Si umeandika mwenyewe?"

Nimeandika mwenyewe.

Balozi anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akina mama nao, mstari mzima, wanaitikia kwa vichwa. Kila upande unaona umeshinda. Aya ni nzuri kupita kiasi.

Shemeji kanitupia mtoto mapajani apate kusikia vizuri. Amelowa tena. Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili, mtoto ameushika kidole, haachii. Natambua naomba isomwe moja — na si ile iliyo imara kama ukuta.

"Mama," nanong'ona.

"Kimya. Alama nitatoa mwishoni."

Aya imekwisha. Waziri analamba kidole, anageuza ukurasa. Anasoma kimya mstari wa kwanza. Anainua macho hadi huku juu —

anaomba maji.